Wimbi Dogo Lililokwenda Kinyume

Hapa Ng'ambo, mtaa wetu wa Tabora, kila mtu ana yake juu ya kazi ya mjukuu wangu. Wapo wanaosema anatengeneza simu. Wapo wanaosema anapiga picha radi. Hilo la radi nililisema mimi mwenyewe, kanisani, mbele ya watu wazima, wala sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimefurahi tu, na mtu akifurahi mdomo wake hauna mlango.

Mimi ni mtu wa asali. Nilizaliwa porini kule Ipole, shule niliingia nikatokea darasa la pili, maana baba alisema kusoma jina langu kunatosha, mizinga haina herufi. Nimerina asali kwenye miti ya huko mpaka magoti yakagoma, ndipo nikahamia mjini na mke wangu, tukafungua kibanda cha kuuzia asali. Sasa nina kabati la vioo, chupa zimepangwa, na kiti changu. Naandika haya kwenye daftari la mistari. Mkono wangu ni mzito na nakwenda kombo, anayesoma anisamehe.

Mjukuu huyu ni binti wa binti yetu wa kwanza. Tulimlea sisi. Toka utotoni alikuwa mtu wa kuuliza, mpaka bibi yake akamwekea sheria ya maswali matatu kabla ya chai. Alisoma hapa Tabora, akasoma Dar es Salaam, akapelekwa Japani kusoma zaidi, na huko ndiko alipo mwaka wa nne huu.

Mwezi wa sita alikuja likizo. Treni ilichelewa, kama desturi yake, nikakaa stesheni nikila karanga. Aliposhuka nikamwona amekonda.

"Shikamoo, mume wangu," akaniamkia.

"Marahaba, mke wangu mdogo. Vipi, Japani hawana ugali?"

"Wanao wali, babu."

"Wali si chakula, wali ni sherehe."

Akacheka, lakini cheko lake lilikuwa fupi. Nyumbani bibi yake akamkumbatia, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kuku wa kununua, akaniambia, "We mzee, mwache mke mwenzangu apumzike. Maneno yako yatamchosha kuliko treni." Kwetu ndivyo tunavyotaniana na wajukuu, wasiojua wasishangae.

Sasa niseme kosa langu. Wiki moja kabla hajafika alinipigia simu, akaniambia wameona kitu kwenye picha zao ambacho watu wengi walikuwa wakikitafuta, na mwalimu wake atasimama kukieleza kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu, Jumatatu ile ambayo yeye angekuwa hapa. Mimi Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani wakati wa matangazo. Nikasema mjukuu wangu amegundua jambo, anapiga picha radi ndogo, na ameona moja inarudi kinyume wakati zote huenda upande mmoja. Watu wakapiga makofi. Mzee wa kanisa, jirani yangu, mwenye duka la misumari, akatangaza papo hapo kwamba Jumapili inayokuja tutatoa shukrani ya pekee kwa ajili ya binti huyu. Kina mama wakaanza kupanga nani analeta kuku, nani karanga, nani michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Yule binti alipofika na kuambiwa habari ya shukrani, aliweka kikombe chini akasema, "Babu, kwa nini usingesubiri?" Nikadhani ni aibu ya msomi.

Siku ya pili, Ijumaa, alikaa nami kibandani. Nikamwambia, haya, nieleze vizuri, maana nimetangaza kitu nisichokijua. Akaanza kueleza, na mimi nitaandika kama nilivyosikia, nikikosea kosa ni langu.

Alisema umeme ni punje. Punje hizo ni ndogo hata uchawi haufiki. Wao huzikamata kwenye utando mwembamba, mwembamba kuliko ule unaoganda juu ya maziwa, ndani ya kipande cha jiwe maalumu kisichozidi ukucha. Halafu wanakitia baridi kali, barafu mbele yake ni jiko. Halafu wanakiweka kwenye sumaku kubwa. Hapo zile punje zinabadilika tabia. Hali hiyo ina jina la mzungu mmoja, nimelisahau.

"Za katikati, babu, kila moja inazunguka mahali pake. Kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi."

"Mbuzi wa kwetu hazunguki, anakata kamba."

"Huyu hakati. Anazunguka tu, haendi popote. Lakini za pembeni zinagonga ukuta kabla hazijamaliza duara. Zikigonga zinaanza upya, zikigonga zinaanza upya. Kwa hiyo zinasogea. Kama kipofu anayekwenda huku anapapasa ukuta."

"Kwa hiyo katikati kumelala, pembeni kunatembea."

"Ndiyo. Na kunatembea upande mmoja tu. Hata ukiweka kikwazo, zinakizunguka zinaendelea. Hazirudi."

Akaniambia wao hawafuati punje mojamoja, wanafuata wimbi. Wanazisukuma kidogo mahali pamoja, zinasongamana, na ule msongamano unakimbia kwenye ukingo. Hapo nikamkatiza, maana nilikuwa na la kwangu. Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo njia hii ya zamani mpaka pwani, na baba alitusimulia alivyosimuliwa. Watu mia na zaidi, mmoja nyuma ya mwingine, njia nyembamba. Wa mbele akisimama kuchomoa mwiba, wa pili anasimama, wa tatu anasimama, na kule kusimama kunasafiri mpaka mkiani, ingawa hakuna aliyekubeba. Wa mwisho anasimama wakati wa kwanza keshaondoka zamani. Babu yake baba alisema wa mwisho ndiye aliyekuwa akitukana, kwa sababu anasimamishwa na mwiba asiouona.

Mjukuu wangu akanitazama. "Babu, ndilo hilo wimbi. Nitaliiba nikawafundishe wenzangu."

"Chukua, lakini useme ni la nani."

Sasa wanalionaje? Macho hayawezi. Wanalimulika lile jiwe kwa uzi wa mwanga kupitia dirisha dogo la kioo, maana limefungiwa ndani ya baridi yake. Jiwe linapomulikwa nalo linatoa mwanga wake hafifu, na pale wimbi lilipo ule mwanga unabadilika. Wanapiga picha, wanapiga tena baada ya muda ambao kope haiwezi hata kuanza kufumba, na tena, na tena. Ukizipanga picha unaliona wimbi linatembea ukingoni. Alinionyesha kwenye kompyuta yake. Mimi niliona kitu kama siafu mwenye taa akifuata ukingo wa sahani. Nilikaa nikimtazama huyo siafu mpaka mteja akagonga kioo mara mbili.

"Na lile linalokwenda kinyume?" nikamwuliza mteja alipoondoka.

Akanionyesha. Wimbi kubwa lilikwenda kulia. Na pale pale ukingoni, dogo, hafifu, lilikwenda kushoto.

"Hilo ndilo?"

"Hilo ndilo lililotufurahisha wote. Kuna hali fulani ambapo wataalamu walibashiri lipo wimbi dogo la namna hiyo, linalokwenda kinyume na kubwa, nasi tukadhani tumelishika kwa macho. Mimi ndiye niliyelipiga picha. Mwaka mzima, babu."

Akaondoka kitini, akaenda kwenye kabati langu la asali, akafungua mlango mmoja wa kioo ukasimama wima kuelekea barabarani.

"Tazama kioo, usitazame barabara," akasema.

Nikatazama. Muda si muda akapita mtu na baiskeli ya mkaa akienda kulia, kuelekea sokoni. Na ndani ya kioo nikamwona mwingine, hafifu, na mkaa wake, anakuja kushoto, kama wanakwenda kugongana.

"Wa pili yuko wapi?" akaniuliza.

"Hayupo. Ni kivuli cha kioo."

"Basi, babu. Na langu ni hivyo hivyo."

Sikuelewa mara moja, nakiri. Ikabidi anieleze polepole. Lile dirisha dogo la mashine lina kioo, na mwanga ukipita, sehemu yake ndogo hujigonga mle ndani ukarudi, ukatengeneza picha ya pili iliyogeuzwa. Wimbi dogo ni lile lile kubwa, limegeuzwa na dirisha. Yeye alianza kushuku kabla ya safari. Akamwomba mwenzake, binti wa kule anayefanya kazi naye, aliinamishe dirisha kidogo tu halafu apige tena. Kama wimbi dogo ni la kweli litabaki ukingoni, kwa sababu jiwe halijaguswa. Kama ni la kioo litahama. Mwenzake alimtumia picha mjukuu wangu akiwa bado ndani ya treni, pale Dodoma. Wimbi dogo lilikuwa limehama, linatembea nje ya jiwe, mahali pasipo na punje hata moja.

"Nani anajua?" nikauliza.

"Mimi na yeye. Ameniambia niamue mimi, kwa kuwa kazi ni yangu."

"Na mwalimu?"

"Jumatatu anasimama mbele ya watu kulieleza."

Sasa nitasema nilichomwambia, na sitajipamba. Nilimwambia anyamaze. Nikasema, "Wewe ni mtoto mbele yao. Mwalimu akishasema, ni maneno ya mwalimu. Na huenda huyo mwenzako ameinamisha vibaya. Subiri mkutano upite, kisha mtapima taratibu." Nikaongeza na la Jumapili, kwamba watu wameshatenga kuku. Nilikuwa natetea masomo yake, ndivyo nilivyojiambia. Ukweli, nilikuwa naiona sura ya yule mzee wa misumari.

Binti akafunga kabati, tukaenda nyumbani kula.

Jikoni, maana yule mtoto hafichi kitu kwa bibi yake, akamweleza yote, pamoja na ushauri wangu. Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Huyo usimsikilize," akasema. "Mwulize habari ya mzinga."

"Mama, hayo ya nini?" nikasema.

"Mwulize. Mimi namenya viazi."

Mambo hayo yana umri mkubwa kuliko mama yake huyo binti. Sijapata kumwambia mtoto wangu yeyote. Lakini nilitazamwa na wanawake wawili, mmoja ana kisu, nikasema.

Kwetu porini kila mtu huchonga alama yake kwenye mzinga. Yangu ilikuwa mikato mitatu. Ya jirani yangu wa porini, mtu mwema, mrefu, mcheshi, ilikuwa minne. Msimu mmoja nilipanda mti nikaurina mzinga nikijua ni wangu. Nilipokuwa naufunga nikauparuza ukoga kwa kisu, nikaona mkato wa nne. Basi. Kosa kama hilo kwetu si wizi. Unakata tawi bichi unaziba nalo mlango wa mzinga kama ishara, unachukua sega la kwanza unampelekea mwenyewe siku hiyo hiyo, unasema nimekosea mti. Atakucheka, mtagawana, na atakutania mpaka mfe. Sharti ni moja: jua lisizame. Likizama hujasema, umekuwa mwizi, hata kama mkono wako ulikosea kweli.

Mimi nilikata tawi. Nililishika mkononi. Kisha nikafikiri, ndoo imejaa, njia ya kwake ni ndefu, atanicheka mbele ya watu kwamba nimeanza upofu. Nikalitupa. Jua likazama.

Yule jirani alipoona mzinga mtupu alikuja kwangu, kwangu mimi, akaniomba tumtafute mwizi. Tulitembea naye siku mbili. Nilipiga magoti chini nikitazama nyayo, na nyayo ni zangu. Mwishowe akamshuku shemeji yake, kwa sababu shemeji alipita njia ile. Wakaacha kuamkiana. Yule jirani alifariki hawajaamkiana, na mimi nilibeba jeneza upande wa mbele.

Nilipomaliza, mjukuu wangu akaniuliza, "Shemeji yake bado yupo?"

"Yupo. Anaishi na wanawe Sikonge."

"Na yeye hujamwambia?"

Mke wangu akatia viazi kwenye sufuria. Na nikiandika hapa niseme kabisa kwamba bado sijaenda. Nimepanga. Kupanga nimepanga mara nyingi.

Binti akasema, "Babu, wewe ndiye umeniambia ninyamaze. Halafu unanisimulia haya."

"Bibi yako ndiye aliyeniamuru."

"Sasa nifuate lipi?"

"Mimi sina tena la kukuambia. Lakini kama kuna shemeji wa mtu huko Japani, anayeshukiwa bure, usimsahau."

Jumamosi asubuhi, saa nne kwetu, ambayo kwao jua limeshainama, alimpigia mwalimu wake kwa video, amekaa kibandani kwa kuwa mtandao hapo unashika. Walizungumza Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha "gudi moningi", lakini uso wa mtu hauhitaji mkalimani. Nilimwona mzee wa watu, ana nywele nyeupe kama zangu, anasikiliza. Binti anaongea haraka, kisha polepole. Mwalimu hatikisiki, nikadhani simu imekwama. Kisha yule mzee akavua miwani, akajipangusa macho, akauliza neno moja. Binti akamtumia picha. Akazitazama. Akasema tena maneno machache, akainamisha kichwa kama wanavyofanya kwao, simu ikakatika.

"Amesemaje?"

"Ameuliza nimejua lini. Nikamwambia tangu Jumatano. Amesema ningempigia Jumatano hiyo hiyo." Akafuta mashavu kwa kiganja. "Atalionyesha wimbi kubwa tu. Na lile dogo atalieleza kwamba ni la dirisha. Makala tuliyokuwa tumeandika ameiondoa. Mwaka wangu wa nne umekuwa wa tatu, babu. Naanza tena."

"Amekufukuza?"

"Hapana. Amesema nikirudi, kabla ya salamu, nilete mpango wa dirisha jipya."

Ikabaki kazi yangu. Nilikwenda dukani kwa mzee wa kanisa, nikamkuta anapima misumari.

"Mwangaluka," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Kuku wa kwangu ni jogoo, nimeshamfunga miguu."

"Mfungue. Nilisema uongo kanisani."

Akaweka misumari chini. Nikamweleza, kwa shida, nikitumia kioo cha saa yake ya ukutani. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo hiyo radi haipo?"

"Ipo. Inakwenda upande mmoja, kama ilivyokuwa siku zote."

"Na huyu binti kaona mwenyewe kwamba amekosea? Hakuna aliyemkamata?"

"Mwenyewe."

"Sasa jogoo nimfungue kwa nini?" akasema. "Ila wewe utasimama useme. Sisemi mimi."

Jumapili nikasimama. Nikasema nilichotangaza wiki iliyopita hakikuwa hivyo, kulikuwa na kioo katikati. Bibi mmoja wa kwaya akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo tuimbe au tusiimbe?" Watu wakacheka, mchungaji naye, na kwaya ikaimba. Baada ya ibada kina mama walimzunguka mjukuu wangu uani, akawa anawachorea ule ukingo mchangani kwa ncha ya mwavuli, na waliuliza maswali mengi kuliko mimi.

Jumatano mchana, mwalimu wake alimtumia ujumbe. Binti aliusoma akiwa amesimama, akakaa, akausoma tena, ndipo akanitafsiria. Mwalimu alipoeleza habari ya dirisha pale mkutanoni, alisimama kijana kutoka nchi nyingine kabisa, akasema nao maabara yao wanaliona wimbi dogo kama lile, miezi mingi sasa. Yeye alikuwa akisema kuna hitilafu, hakuna anayemsikiliza, na wakubwa wake wamekaribia kumtoa kwenye kazi kwa ubishi. Ameomba aandikiwe jinsi dirisha lilivyoinamishwa, hatua kwa hatua.

"Anaomba leo," binti akasema, "kwa sababu kesho wana kikao juu yake."

Akasogeza chupa zangu za asali, akafungua kompyuta juu ya meza ya kuuzia, akaanza kuandika. Akaja mama mmoja anataka asali ya mtoto mwenye kikohozi, chupa ziko upande wa pili wa ile kompyuta. Nikampisha kiti changu.

"Kaa hapo, mama," nikamwambia. "Utapata, na kijiko cha nyongeza. Lakini ngoja huyu amalize, kuna mtu anamsubiri."